Kipande Tupu cha Bayana

Wanaoniuliza njia ya kwenda Bayana nawajibu kwamba haina haja ya kuelezwa, maana watu wengi hufika huko bila kukusudia. Mimi nilialikwa. Kazi yangu ni kutazama tishu za mwili kwa hadubini, na serikali ya nchi ile ilitaka mgeni wa fani hiyo ahudhurie Sikukuu ya Kahawia, aone, kisha akasimulie kwao. Nimekaa na habari hizi muda mrefu kabla ya kuzitoa, kwa sababu sidhani kama haya ndiyo waliyotaka nisimulie.

Sheria ya kwanza ya Bayana imechongwa juu ya lango la mji mkuu: Kisichoshika rangi hakipo. Nilipoisoma nilidhani ni methali tu, ya kupambia lango. Kumbe ni sheria kweli, na watu wanaishi ndani yake kama samaki majini. Shahidi akifika mahakamani hupakwa rangi ulimini, na hakimu huutazama ulimi kwanza kabla ya kuyasikiliza maneno. Mfiwa anayeomba ruhusa ya kukaa matanga hupeleka leso yake ofisi ya mtaa ikachovywe. Machozi yasipoacha alama, anarudi kazini siku hiyo hiyo. Asubuhi niliyofika, Baraza lilikuwa likijadili njaa ya wilaya za kusini. Mjumbe mmoja alieleza kwa upole kwamba matumbo ya watu wa kusini yamepimwa na hayakushika rangi yoyote, kwa hiyo kinachoitwa njaa huko ni mazoea ya kulalamika. Wenzake walimpongeza kwa utulivu wake. Nilimtupia jicho mwenyeji wangu nione kama atacheka. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

Mwenyeji huyo aliitwa Bwana Kirobo, Msimamizi Mkuu wa Rangi, mtu mrefu wa makamo, mwenye adabu na sauti ya chini. Ndiye aliyenieleza sheria hiyo ilikotoka, na chanzo chake, nilishangaa kusikia, kilikuwa figo.

Zamani, alisema, Bayana ilisumbuliwa na ugonjwa wa chumvi. Watu walivimba miguu na nyuso, presha ikawapanda, wakafa na nguvu zao. Madaktari walijua kwamba juu ya kila figo ipo tezi ndogo, imekaa kama kofia, nayo hutoa homoni ya jamii ya steroidi inayoiamuru figo iizuie chumvi isitoke na mkojo. Homoni ile haipigi hodi. Hupenya ukuta wa seli kama harufu ya samaki wa kukaanga ipenyavyo nyumba ya jirani. Lakini ikishaingia ndani haina kauli mpaka ikutane na kipokezi chake, protini inayoipokea na kuifikisha amri yake panapohusika. Dawa ya kukikalia kipokezi kile, ili homoni ikija ikute nafasi imejaa, ilikuwapo. Ambalo halikujulikana ni vipokezi vyenyewe vimekaa wapi ndani ya figo, na nani anavyo na nani hana.

Aliyelijibu swali hilo alikuwa mwanamke kijana, Raya Mkufu. Aliwadunga sungura kipande cha kipokezi, na miili ya sungura ikatengeneza kingamwili za kukitambua, kama mwili unavyofanya ukiingiliwa na kitu kigeni. Akazichuja kutoka kwenye damu yao, akazimwaga juu ya vipande vya figo vilivyokatwa vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kisha akaongeza rangi inayogeuka kahawia pale kingamwili zilipong'ang'ania. Alipotazama kwenye hadubini, mirija ya mwanzo ya figo, ile inayopokea maji yaliyochujwa kutoka kwenye damu, ilikuwa kahawia tupu.

"Watu walilia kwa furaha," alisema Bwana Kirobo. "Kwa mara ya kwanza tulikiona kisichoonekana."

Tangu hapo kila mgonjwa wa chumvi hutolewa kijipande cha figo kwa sindano. Mirija yake ya mwanzo ikishika kahawia, anapewa dawa. Isiposhika, anaitwa mweupe, na anaelezwa kwa heshima kwamba ugonjwa wake hauna makao mwilini mwake. Na kwa kuwa rangi ilifaulu kwenye figo, wakaona hapana sababu isifaulu kwenye ulimi wa shahidi na tumbo la mwenye njaa.

Nilimwomba anionyeshe kipande tupu. Hakunielewa, ikabidi nieleze. Katika fani yetu, kila unapokipa kipande cha figo kingamwili, unaweka pembeni kipande kingine cha figo ile ile ambacho unakipa vyote isipokuwa kingamwili. Hicho kinatakiwa kibaki cheupe. Kikigeuka kahawia na chenyewe, ujue rangi inakudanganya.

Bwana Kirobo alisema kwamba jambo hilo lilipigwa marufuku kabla yeye hajashika kazi. Baraza la wakati huo liliona kwamba taifa lenye heshima haliulizi swali huku likitumaini jibu liwe hapana. Isitoshe, kukinyima kingamwili kipande cha figo ya raia huku kipande cha mwenzake kikipewa kulionekana ni ubaguzi.

Bi Raya alikuwa bado hai. Bwana Kirobo alinipeleka nikamsalimu, kama wageni wote wapelekwavyo. Walikuwa wamempa nyumba kubwa, sanamu yake katika uwanja wa mji, na cheo cha Mama wa Rangi, na pamoja na cheo hicho amri moja: Mama wa Rangi hasemi barazani, kwa sababu maneno yake ni mazito mno kwa masikio ya kawaida. Husema mara moja tu kwa mwaka, kwenye sikukuu, anapokula kiapo kwamba kahawia aliyoiona ni ya kweli. Lakini miaka kadhaa sasa kila sikukuu ilimkuta mgonjwa, na kiapo kilisomwa na mtu mwingine kwa niaba yake.

Nilimkuta mwanamke mwembamba, mwenye macho makali ya mtu aliyezoea kutazama vitu vidogo. Bwana Kirobo alipotoka kwenda kuzungumza na mlinzi, aliniuliza kama kwetu bado tunaweka kipande tupu.

"Hatuthubutu kuacha, Bibi," nilimjibu.

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akanieleza, bila kujitetea, kwamba siku ile ya furaha alikiandaa kipande tupu, kikapasuka mkononi. Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Akasema moyoni, nitakifanya kesho. Kesho yake wakaamka wanacheza ngoma barabarani. Wiki iliyofuata wakaanza kuchora figo ya kahawia kwenye bendera, na alipokumbusha kwamba bado jambo moja, wakampa cheo.

"Sasa nina mtoto hospitalini," alisema. "Mashavu, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea mwenyewe. Kavimba mpaka macho hayaonekani. Na wamemwita mweupe."

Tulikwenda kumwona mchana ule ule. Wodi ya weupe ilikuwa safi, yenye madirisha mapana, na wauguzi wake walikuwa wapole. Ila kwa kuwa sheria haikutambua ugonjwa wowote mle ndani, hakuna aliyeruhusiwa kuuliza anayeumwa anaendeleaje. Daktari wa zamu alipita kitanda kwa kitanda akiwapongeza watu kwa afya yao, nao wakamshukuru, mmoja akihema kwa shida.

Mashavu alikuwa fundi wa hina, mpambaji wa maharusi anayejulikana mji mzima. Alijaribu kuinuka.

"Shikamoo, Mamkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Lala."

Alikuwa ameacha nyumbani, kwa mama mkwe wake karibu na soko, binti anayejifunza kutembea. Maneno yake mengi yalimhusu mtoto huyo. Aliniuliza mimi, kwa vile nilikuwa mgeni, kama nilipopita sokoni nimesikia mtoto akilia, kisha akacheka swali lake mwenyewe.

Kitanda cha pili kilikuwa na Mzee Kibwana, mshona kofia, naye mweupe. Juu ya mapaja yake palikuwa na kofia iliyodariziwa nusu, lakini vidole vilikuwa vimevimba mno kuishika sindano. Nilimwamkia, nikamwuliza, kwa kusahau sheria, kama anaumwa sana.

"Mimi siumwi, mgeni," alisema. "Miguu hii ni ya jirani, nimeazimwa tu. Namngoja aje aichukue."

Mashavu alicheka tena, na mzee akaonekana kuridhika. Niligundua baadaye kwamba hiyo ndiyo kazi aliyojipa mle wodini.

Ipo desturi Bayana kwamba kijipande cha figo kikishakatwa, kinachobaki hugandishwa ndani ya nta na kurudishwa kwa mwenyewe, akakihifadhi nyumbani kama watu wengine wanavyohifadhi kitovu cha mtoto. Bi Raya alichukua kibonge cha nta cha Mashavu. Mzee Kibwana, aliposikia tunachotaka kufanya, akamwagiza mkewe alete chake. Cha tatu tulipewa na jirani wa Bi Raya, mtu wa kahawia ambaye aliwahi kuandikiwa dawa. Vyombo vya zamani vya Bi Raya vilikuwa bado chumba cha nyuma, vimefunikwa kanga. Alifungua madirisha yote mawili. Alisema hatafanya kazi yake kama mwizi.

Tulianza na figo ya jirani. Tulikata kipande, hatukukipa kingamwili hata tone, tukakimwagia rangi. Bi Raya aliinama juu ya hadubini. Niliona mkono wake ukikamata ukingo wa meza. Alinipisha nitazame, na sikuhitaji kutazama mara mbili: mirija ya mwanzo ilikuwa kahawia, kama ile ya kwenye bendera.

Alikaa kitini. "Kumbe ni figo yenyewe," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Mirija ya mwanzo ya figo ina vimeng'enya vyake vinavyoweza kuigeuza rangi ile kuwa kahawia bila kutumwa na mtu. Nchi nzima ilikuwa imesujudia kahawia ambayo haikuhusiana na kipokezi hata kidogo.

Lakini hatukuishia hapo. Vimeng'enya vile vinaweza kunyamazishwa kwa dawa ya kawaida, ile inayotoa povu ikimwagwa kwenye kidonda. Tulivinyamazisha, kisha tukatia kingamwili za sungura wa Bi Raya, zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye barafu kama mabaki matakatifu. Safari hii mirija ya mwanzo ilibaki myeupe. Na kule mwisho, kwenye mirija ambayo ndiyo hasa huikamata chumvi kabla haijapotea, ikatokea kahawia nyepesi, tulivu, iliyojipanga seli kwa seli. Ilikuwamo kwenye figo ya jirani. Ilikuwamo kwenye figo ya Mashavu. Kwenye figo ya Mzee Kibwana ilikuwa nyingi kuliko zote.

Kingamwili zake zilikuwa za kweli tangu siku ya kwanza. Zilikuwa zimekionyesha kipokezi pale kilipo, lakini kahawia ya uongo ilipiga kelele zaidi, na hakuna aliyesikia nyingine. Nilitafuta baadaye sheria inawaelekeza nini wasomaji wa vioo, wale wanaotazama vipande kwenye hadubini, nikakuta imewaagiza watazame mirija ya mwanzo peke yake. Rangi yoyote inayoonekana kwenye mirija ya mwisho inaitwa uchafu wa pembeni. Sindano ya Mashavu ilikuwa imetoa kijipande ambacho karibu chote ni mirija ya mwisho, na ya Mzee Kibwana vilevile. Wasomaji walikiona kipokezi chake vizuri sana, wakaandika: mweupe, ana uchafu.

Bi Raya hakulia wala hakufurahi. Alisema, "Nilikuwa nacho, nikakipa kitu kingine jina lake," akafunika hadubini.

Kwa kuwa yeye haruhusiwi kusema barazani, nilisema mimi. Nilieleza kama nilivyoeleza hapa, nikaomba wajumbe wasogee watazame wenyewe. Walinisikiliza kwa heshima kubwa, kisha mjadala ukaanza, na nitautaja kwa ufupi. Mjumbe wa kwanza alisema kwamba kipande kisichopewa kingamwili ni kama mtu asiyeitwa shahidi: anaweza kuwa ameona, lakini hajaulizwa. Wa pili alisema kwamba ikiwa figo za watu wa Bayana zinageuka kahawia zenyewe bila kusukumwa, basi hilo ni jambo la kujivunia, na wageni wasilionee wivu. Mjumbe mmoja kijana aliuliza kama kuna ubaya mtu akitazama tu. Alijibiwa kwamba hadubini ya Baraza imefungiwa kabatini mpaka siku ya sikukuu, kwa heshima yake.

Mwishowe walipitisha maazimio. Nilishukuriwa. Maoni yangu yaliwekwa miongoni mwa maoni ya wageni. Na kwa kuwa nimethibitisha kwamba uchafu wa pembeni unazidi kuonekana kwenye vioo, waoshaji wa maabara zote waliamriwa kuanzia siku hiyo wavioshe kwa nguvu zaidi, mpaka mirija ya mwisho isiwe na rangi kabisa.

Kile kidogo cha kweli kilichokuwa kikionekana Bayana kabla sijafika, sasa kilikuwa kinakwenda kuoshwa kwa sababu yangu.

Alasiri Bwana Kirobo alikuja kwa Bi Raya, peke yake, bila gari la ofisi. Alikaa ukumbini na kikombe cha kahawa mkononi, hakukinywa. Alimwambia Bi Raya kwamba mjini watu wameanza kunong'ona, na sikukuu hii lazima ale kiapo mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Akila kiapo, ipo haki ya zamani ambayo hajawahi kuitumia: Mama wa Rangi akishaapa anaweza kumwombea mtu mmoja msamaha wa rangi, na mtu huyo akapewa dawa hata kama ni mweupe. Hakumtaja Mashavu. Hapakuwa na haja.

"Na nisipoapa?" aliuliza Bi Raya.

"Utakuwa mgonjwa kama kawaida, Mama, na tutakuombea upone. Na yeye ataendelea kuwa mzima."

Nilimwuliza Bwana Kirobo, mimi niliyekuwa sina cha kupoteza, kama yeye mwenyewe amekitazama kile kipande. Alisema hajakitazama na hatakitazama. Nikamwuliza kwa nini. Aligeuza kikombe taratibu kwenye kisahani.

"Mke wangu alikuwa mweupe," alisema. "Nilitia sahihi mwenyewe. Nilimkalisha sebuleni nikamwambia hana ugonjwa, nikamwambia aache kujiendekeza. Sasa wewe unataka niiname kwenye hadubini nione nini?"

Aliondoka akiwa amesahau kofia yake kitini, na Bi Raya akamtuma mlinzi amkimbizie.

Asubuhi iliyofuata nilifuatana na Bi Raya wodini. Alimwambia Mashavu kila kitu: kahawia ya uongo, kahawia ya kweli, kiapo na msamaha. Alimwambia pia kwamba akiapa, yeye Raya Mkufu aliyeianzisha kazi hii, hapatakuwa tena na mtu wa kuaminiwa akisema kinyume. Kiapo cha mdomo wake kitaufunga mlango kwa maisha ya watu wengi. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini vitanda vilikuwa karibu, na Mzee Kibwana alikuwa ameacha kujifanya anashona.

Nilidhani atasema usiape, na naungama kwamba kwa saa ile nilitamani aseme hivyo, kwa maana mgeni hupenda ushujaa wa wenyeji. Mashavu aligeuza uso upande wa dirisha, mbali na kitanda cha Mzee Kibwana.

"Nataka kuishi, Mamkubwa," alisema. "Samahani. Nataka kumwona binti yangu akikua."

"Usiniombe samahani, mwanangu."

"Namwomba yeye," alisema Mashavu, bado ameangalia dirishani.

Mzee Kibwana alisafisha koo, akasema joto leo limezidi, wangefungua pazia kidogo. Muuguzi akaja kulifungua.

Sikukuu ilikuwa nzuri, sitaki kuwadhulumu. Watu walivaa kahawia, barabara zilifagiliwa, watoto wa shule waliimba wimbo wa mirija ya mwanzo. Bi Raya alisimama mbele ya sanamu yake mwenyewe, akiwa mfupi kuliko hiyo, akaapa kwamba kahawia aliyoiona ni ya kweli na kwamba pasipo kahawia hapana kitu. Alilisema kila neno kwa ufasaha. Vigelegele vilipanda. Kisha akaomba msamaha wa rangi kwa ajili ya Mashavu, na Baraza likampa papo hapo, na wajumbe kadhaa walifuta machozi kwa jinsi sheria yao ilivyo na huruma. Bwana Kirobo alikuwa jukwaani. Muda wote wa kiapo alikuwa akitazama viatu vyake.

Dawa ilianza siku iliyofuata. Nilikuwa nimefikiri kwamba labda Mashavu angeweza kugawana vidonge na jirani yake, naye alikuwa amefikiri hivyo kabla yangu. Lakini dawa ya msamaha humezwa mbele ya ofisa aitwaye Mshuhudia, ambaye humulika mdomo kwa tochi, juu ya ulimi na chini yake. Siku ya kwanza Mashavu alijaribu kukificha kidonge shavuni. Mshuhudia alikiona, akamwambia kwa upole kwamba safari nyingine msamaha utafutwa. Akakimeza.

Maji yalianza kumtoka. Uso ukarudi, kwanza kope, kisha mashavu yenyewe, kisha vifundo vya miguu. Alikuwa mwanamke mzuri, jambo ambalo sikuwa nimelijua. Walipomruhusu, mama mkwe alimleta mtoto mlangoni, na mtoto akamtazama kwanza kama mgeni, halafu akamjua. Wodi nzima iliangalia. Hakuna aliyeonyesha husuda, na hilo lilikuwa gumu kulitazama kuliko kama wangeionyesha.

Mzee Kibwana hakuweza tena kuketi mwenyewe. Alikuwa amelazwa kwa mito mitatu ili apate pumzi. Bi Raya alipomaliza kumsindikiza Mashavu alirudi ndani, akavuta kigoda, akaketi kando yake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Mzee Kibwana," alisema, "figo yako niliiona kwa macho yangu. Unavyo vipokezi, vingi kuliko vya mtoto wangu. Dawa ingekufaa. Nami nimesimama mbele ya watu nikaapa kwamba huna."

"Nilisikia," alisema mzee. "Redio ilikuwa wazi."

"Sijui nikuambie nini."

Alihema kidogo kabla ya kujibu. Hakuwa na mzaha safari hii.

"Bibi Raya, na mimi nina mabinti. Angelala mmoja wao pale, ningeapa kwamba jua ni jeusi. Kwa hilo sikulaumu." Akapumzika tena. "Lakini usiniombe nikuambie umefanya vyema. Hilo sina."

"Sikuombi," alisema Bi Raya.

Alikaa naye mpaka mkewe alipofika na uji. Mzee alikufa siku chache baadaye, akiwa mzima kwa mujibu wa sheria, na daktari aliwapongeza wanawe kwa kuwa baba yao hakuugua hata siku moja.

Mimi niliondoka wiki hiyo. Nilipofika kwetu nilituma vidonge kwenye wodi ile, kifurushi kizima, na vikarudishwa kutoka mpakani kwa maelezo kwamba havijulikani ni vya nani, kwa vile hakuna mgonjwa mahali vilikoelekezwa. Nikatuma tena kwa jina la Mashavu. Vikarudi vilevile.

Habari za mwisho nilizozipata zililetwa na mfanyabiashara wa hina aliyepita Bayana. Mashavu ni mzima na bado anapamba maharusi, ingawa siku hizi kati yake na mama yake mkubwa hapana mazungumzo marefu. Hupelekeana chakula, wakaulizana hali, basi. Bi Raya ameiacha ile nyumba kubwa. Aliomba apewe kitanda katika wodi ya weupe. Maofisa walihangaika kutafuta sheria ya kumzuia, hawakuipata, kwa sababu waliomo mle wote wanahesabiwa kuwa wazima, na hakuna kosa kwa mzee mzima kulala miongoni mwa wazima wenzake.

Anakaa pale sasa. Kila anayeletwa akiwa amevimba, ameshaelezwa ofisini kwamba hana kitu, Bi Raya humfuata kitandani, akamshika mkono, akamwambia, "Unaumwa, mwanangu. Mimi najua." Yule mfanyabiashara alisema watu wazima hulia wakiambiwa hivyo, kana kwamba wamepewa zawadi.

Dawa hana ya kuwapa.